Maji ya Camp Lejeune na saratani: mwongozo kamili wa kudai fidia sasa, baada ya mlango mmoja kufungwa

Mtu aliyeishi, aliyefanya kazi au aliyekuwa tumboni mwa mama yake katika Camp Lejeune, kambi ya Jeshi la Marine iliyoko Jacksonville katika jimbo la North Carolina, kwa muda wa siku 30 au zaidi kati ya tarehe 1 Agosti 1953 na tarehe 31 Desemba 1987, na ambaye baadaye aligundulika kuwa na saratani, ana njia zaidi ya moja za kuidai serikali ya Marekani. Njia hizo hazina masharti mamoja wala hazisimamiwi na ofisi moja, na iliyotangazwa sana kwenye televisheni imekwisha kufungwa kwa kila ambaye hakuwasilisha madai yake kabla ya kati ya Agosti 2024. Kosa ninaloliona mara nyingi katika kazi yangu ya kutafsiri hati ni la aina mbili: mmoja anakata tamaa kwa kudhani kwamba njia zote zimefungwa, na mwingine anatia saini mkataba na mtu anayemwahidi kumpitisha pale palipofungwa. Mwongozo huu unawalenga askari wa zamani, wajane na watoto wao ambao Kiswahili kinawaingia kwa urahisi kuliko Kiingereza cha serikali. Hauchukui nafasi ya wakili, ila unamwezesha mtu kumfikia wakili akiwa anajua la kuuliza.

Kilichokuwa ndani ya maji

Kambi hiyo ilikuwa na mitambo kadhaa ya kusafisha na kusambaza maji, na miwili ndiyo inayotajwa zaidi. Mtambo wa Tarawa Terrace ulihudumia nyumba za familia. Visima vyake viliingiwa na tetrakloroethilini, kemikali inayotumiwa na madobi wanaosafisha nguo bila maji, na chanzo chake kilikuwa duka la kiraia lililokuwa nje ya uzio wa kambi, ABC One-Hour Cleaners. Mtambo wa Hadnot Point ulihudumia mabweni ya askari na sehemu kubwa ya kambi, na huko ndiko kulikokutwa trikloroethilini, yaani dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma, pamoja na benzini iliyovuja kutoka kwenye matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini, na vinili kloridi, ambayo hutokea pale kemikali za namna hiyo zinapovunjikavunjika udongoni.

Sampuli moja ya Hadnot Point iliyochukuliwa Mei 1982 ilikuwa na mikrogramu 1,400 za trikloroethilini katika kila lita, na sampuli ya Tarawa Terrace ya mwaka 1985 ilikuwa na mikrogramu 215 za tetrakloroethilini. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikuja kukiruhusu ni mikrogramu 5 kwa kila moja ya kemikali hizo. Visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa kufikia mapema mwaka 1985, ingawa dalili za kwanza zilikuwa zimeonekana katika vipimo tangu mwaka 1980. Mwaka 1989 kambi iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo yanayopaswa kusafishwa kwanza.

Kunywa hakukuwa njia pekee ya kemikali hizo kuingia mwilini. Hupanda pamoja na mvuke wa maji ya moto, kwa hiyo mtu aliyeoga kila siku bafuni, aliyesimama jikoni kwenye sufuria inayochemka au aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa kulia chakula alizivuta pia kwa pumzi. Jambo hili lina maana katika madai, maana wako wanaosema, «Mimi nilikuwa nakunywa soda, maji ya bomba sikuyagusa,» wakadhani hawahusiki.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka trikloroethilini, benzini na vinili kloridi katika kundi la vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani kwa binadamu. Januari 2024, wakala wa afya wa serikali ya Marekani unaofuatilia sumu za mazingira ulitoa matokeo ya kulinganisha watu wa Camp Lejeune na wa Camp Pendleton huko California, ambako maji hayakuchafuliwa namna hiyo. Waliokuwa Lejeune walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata baadhi ya saratani za damu, ya umio na nyingine kadhaa. Hati ya utafiti kama huo haimthibitishii mtu mmoja mmoja kwamba ugonjwa wake ulitokana na maji, lakini humpa daktari wake mahali pa kuegemea anapoandika maoni.

Kwa nini ilihitajika sheria mpya

Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1950, askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara aliyoyapata akiwa kazini. Familia na raia waliojaribu kushtaki walikutana na sheria ya North Carolina inayofuta madai miaka 10 baada ya tendo lililoleta madhara, hata kama mgonjwa hakujua kwamba amedhurika. Kesi zao zilitupwa mwaka 2016, na Januari 2019 Wizara ya Jeshi la Majini, ambayo Marine wako chini yake, ikayakataa madai yapatayo 4,400 kwa mpigo. Jerry Ensminger, sajini mstaafu wa Marine ambaye binti yake Janey alifariki kwa lukemia, yaani saratani ya damu, mwaka 1985 akiwa na miaka 9, ndiye aliyeubeba mzigo wa kulipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 2012 iliyofungua matibabu kwa wahanga hubeba jina la Janey. Sheria iliyofungua mlango wa mahakama ilitiwa saini tarehe 10 Agosti 2022 na ikatoa miaka 2 ya kuwasilisha madai, na miaka hiyo imekwisha.

Mtu anayekuambia leo kwamba anaweza kukufungulia dai jipya kabisa chini ya sheria hiyo ya 2022 ama hajui, ama anakudanganya. Kinachobaki wazi, na ambacho hakina tarehe ya mwisho, ni madai ya kila mwezi na ya matibabu katika Wizara ya Maveterani, ambayo kila mtu huiita VA.

Hatua ya kwanza: jitambue uko katika kundi gani

Askari wa zamani, akiwemo aliyekuwa askari wa akiba au wa National Guard (jeshi la akiba la majimbo), anaweza kudai malipo ya kila mwezi kutoka VA mradi hakufukuzwa jeshini kwa aibu. Mwanafamilia aliyeishi kambini hapati malipo hayo ya mwezi kwa ugonjwa wake mwenyewe, ila anaweza kurudishiwa gharama za matibabu. Mjane au mtoto mdogo wa askari aliyefariki kwa ugonjwa uliotokana na maji anaweza kudai malipo ya wafiwa. Raia aliyekuwa ameajiriwa na serikali hapo kambini ana mfuko wa fidia ya wafanyakazi wa serikali kuu ulio chini ya Wizara ya Kazi, ambao kwa kawaida humpa miaka 3 tangu alipojua kwamba ugonjwa wake unahusiana na kazi.

Mtu mmoja anaweza kuwa katika makundi mawili. Mwanamke aliyekuwa mke wa Marine na kuishi Tarawa Terrace, akaugua mwenyewe, kisha akafiwa na mume, ana madai mawili tofauti yenye fomu tofauti, na moja halisubiri lingine.

Hatua ya pili: thibitisha zile siku 30

Hapa ndipo madai mengi hukwama, na ndipo ningemshauri mtu atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kwa VA, siku 30 si lazima zifuatane. Wiki mbili za mafunzo mwaka 1978 na wiki tatu za mwaka 1981 hujumlishwa.

Hati ya kwanza inayoombwa ni DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi. Wengi hukitoa sandukuni kwa furaha wakidhani kazi imekwisha. Kikitazamwa kwa makini, cheti hicho huonyesha kituo cha mwisho alichotumikia askari, na hakiorodheshi vyote alivyopitia. Aliyepita Camp Lejeune miezi 5 mwaka 1974 na kumalizia utumishi wake California, cheti chake kinaweza kisitaje North Carolina hata mara moja. Anachohitaji ni faili kamili la utumishi, ambalo ndani yake mna ukurasa wa mfuatano wa vituo: safu ya tarehe, jina la kikosi, kazi aliyofanya na saini ya ofisa, mstari chini ya mstari, mara nyingi kwa taipureta iliyochakaa wino. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko barua kumi za mashahidi.

Faili huombwa kwa fomu SF-180 kutoka hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za utumishi iliyoko St. Louis, Missouri. Huenda ukaambiwa na watu kwamba kumbukumbu ziliungua. Ni kweli kwamba moto wa Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili katika jengo la zamani la hifadhi hiyo, lakini yaliyoungua yalikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu na ya Jeshi la Anga. Ya Marine na ya Wanamaji hayakuguswa, kwa hiyo usikubali jibu hilo kirahisi. Jamaa wa karibu wa marehemu, yaani mjane ambaye hajaolewa tena, mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, anaruhusiwa kuomba kwa kuambatisha cheti cha kifo.

Kwa mwanafamilia, hati zinazofaa ni kumbukumbu za nyumba za kambi, cheti cha kuzaliwa kinachotaja hospitali ya kambini, ripoti ya shule ya kambini, kadi ya chanjo, bahasha ya barua yenye anwani na muhuri wa posta wa Jacksonville, na cheti cha ndoa kinachoonyesha kwamba mlikuwa mume na mke katika kipindi hicho. Picha peke yake ni dhaifu. Picha yenye maandishi ya mkono nyuma yake, «Tarawa Terrace, Julai 1969», ikiungana na amri ya uhamisho ya baba, ni kitu kingine.

Hatua ya tatu: kusanya hati za ugonjwa

Ripoti ya maabara ya kinyama kilichokatwa na kupimwa ndiyo nguzo, kwa sababu hutaja aina ya saratani kwa jina lake kamili na tarehe iliyogundulika. Barua ya daktari inayosema tu kwamba mgonjwa «alitibiwa saratani» haitoshi, hasa ikiwa saratani ilienea. Saratani iliyoanzia kwenye figo ikahamia mapafuni bado ni saratani ya figo, na tofauti hiyo inaweza kuamua dai zima. Omba pia muhtasari wa kulazwa, orodha ya dawa na mionzi, na tarehe ya matibabu ya mwisho.

Hospitali nyingi za Marekani huruhusiwa kuteketeza mafaili baada ya miaka kadhaa. Kama mgonjwa alitibiwa miaka ya 1990 na faili limepotea, jaribu daftari la saratani la jimbo, kampuni ya bima iliyolipa, na cheti cha kifo.

Hatua ya nne: peleka dai VA, ukiwa unajua kwamba orodha ni mbili

Orodha ya kwanza ina magonjwa 8 na imekuwa ikitumika tangu Machi 2017: lukemia ya watu wazima, upungufu wa damu wa aplastiki pamoja na magonjwa mengine ya uboho ya kundi hilo, saratani ya kibofu cha mkojo, saratani ya figo, saratani ya ini, mayeloma (saratani ya uboho), limfoma isiyo ya Hodgkin (saratani ya tezi za limfu), na ugonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili). Askari mwenye mojawapo ya hayo hahitaji kuthibitisha kwamba maji ndiyo yaliyomwuguza, kwa sababu sheria inakubali hivyo tangu mwanzo. Anathibitisha siku 30, anathibitisha ugonjwa, basi.

Orodha ya pili ina magonjwa 15, nayo inatokana na ile sheria ya 2012. Humo mna saratani ya titi, ya umio na ya mapafu, kuharibika kwa mimba, ugumba wa mwanamke na mengineyo. Orodha hii inahusu matibabu. Askari wa zamani hutibiwa magonjwa hayo bila kuchangia gharama, na mwanafamilia hurudishiwa gharama ambazo bima yake nyingine haikulipa, kwa kuwa VA hapa hulipa mwisho. Mtu mwenye saratani ya titi akisoma orodha hii huamini kwamba malipo ya mwezi yako njiani, kisha barua ya kukataliwa inamwangusha. Hajanyimwa haki yake yote. Malipo ya mwezi kwa ugonjwa ulio nje ya yale 8 ya orodha ya kwanza yanahitaji maoni ya daktari yanayosema, kwa sababu zilizoelezwa, kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na maji hayo ni angalau nusu kwa nusu. Daktari asiandike «inawezekana». Neno hilo halitoshi. Aandike kwamba uwezekano ni sawa au zaidi ya kutokuwezekana, ataje kemikali, muda ambao mgonjwa alikaa kambini, historia ya uvutaji sigara na ya ukoo, na aeleze kwa nini bado anayaona maji kuwa chanzo. Maoni yanayoikwepa sigara hukataliwa mapema kuliko yanayoikabili.

Kabla ya kukusanya yote haya, tuma kwanza taarifa ya kusudio la kudai, fomu 21-0966, au uianzishe kwa njia ya mtandao. Taarifa hiyo hukushikia tarehe kwa mwaka mzima. Aliyeituma tarehe 10 Machi akakamilisha dai lake Desemba, na dai likakubaliwa, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Machi, wakati mwenzake aliyesubiri mpaka makaratasi yote yatimie huhesabiwa kuanzia Desemba. Miezi tisa ya malipo si fedha ya kuachia upepo. Dai lenyewe huwasilishwa kwa fomu 21-526EZ, na la matibabu ya mwanafamilia kwa fomu 10-10068.

Saratani ambayo bado iko hai mwilini au inatibiwa hupewa kwa kawaida kiwango cha asilimia 100. Miezi 6 baada ya matibabu kumalizika mgonjwa huitwa kupimwa upya, na kuanzia hapo kiwango hufuata madhara yaliyobaki, kwa mfano figo moja kuondolewa au mkojo kutozuilika. Nenda kwenye upimaji huo. Asiyetokea bila sababu hupunguziwa, na kurudisha kiwango ni safari ndefu.

Dai likikataliwa, una mwaka 1 tangu tarehe ya barua kuchagua moja kati ya mambo matatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa wa ngazi ya juu alitazame faili lilelile, au kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za maveterani. Aliyekataliwa kwa kukosa ukurasa wa vituo alete ukurasa huo. Haina haja kwenda kwenye bodi kubishana juu ya karatasi inayopatikana.

Hatua ya tano: mjane na watoto

Malipo ya wafiwa huombwa kwa fomu 21P-534EZ. Kinachotazamwa ni kama ugonjwa uliomwua askari, au uliochangia kifo chake, unahusiana na utumishi, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kudai chochote akiwa hai. Kwa hiyo cheti cha kifo husomwa neno kwa neno. Kama sababu iliyoandikwa ni «moyo kusimama» huku marehemu akiwa amelala na mayeloma kwa miaka 3, zungumza na daktari aliyemtibu ili atoe barua au sababu irekebishwe, kabla dai halijapelekwa. Mjane aliyeolewa tena tarehe 5 Januari 2021 au baadaye, akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi, hapotezi haki hiyo.

Kama askari alifariki dai lake likiwa bado linashughulikiwa, anayestahili anaweza kuomba kuingia mahali pake na kuliendeleza, lakini lazima aombe ndani ya mwaka 1 tangu kifo. Mwaka wa kwanza wa msiba ndio mwaka ambao mtu hana nguvu ya kufungua bahasha. Mpe kazi hiyo mtoto au ndugu mwenye moyo mkavu.

Hatua ya sita: kwa waliokwisha wasilisha madai kwa Jeshi la Majini

Madai zaidi ya 400,000 ya ile sheria ya 2022 yalifika kwa Jeshi la Majini kabla ya mlango kufungwa, na mengi bado yanasubiri. Kama lako ni mojawapo, zipo tarehe mbili za kuzikumbuka. Miezi 6 ikipita bila jibu, unaruhusiwa kufungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya wilaya ya mashariki ya North Carolina, na si mahakama nyingine yoyote. Ukipokea barua ya kukataliwa, unazo siku 180 tu za kufungua kesi. Andika tarehe ya barua hiyo ukutani. Kesi husikilizwa na majaji peke yao, na mahakama haiwezi kutoa fidia ya kuiadhibu serikali.

Iko pia njia ya mkato iliyotangazwa Septemba 2023, ambapo serikali hulipa kiasi kilichopangwa bila mabishano ya kitaalamu. Daraja la kwanza ni saratani ya figo, ya ini na ya kibofu, lukemia na limfoma isiyo ya Hodgkin: dola 150,000 kwa aliyekaa kambini chini ya mwaka 1, dola 300,000 kwa mwaka 1 hadi 5, na dola 450,000 kwa zaidi ya miaka 5. Daraja la pili ni mayeloma, Parkinson, ugonjwa wa figo wa hatua ya mwisho na ugonjwa wa ngozi kukakamaa mwili mzima: dola 100,000, 250,000 na 400,000 kwa vipindi vilevile. Ugonjwa ukiwa umesababisha kifo, huongezwa dola 100,000. Ugonjwa lazima uwe uligundulika au ulianza kutibiwa kabla ya tarehe 10 Agosti 2022, na usiwe umechelewa kupita kiasi: aliyeondoka kambini mwaka 1975 na kugundulika mwaka 2012, yaani miaka 37 baadaye, hafai kwa njia hii, ingawa dai lake la kawaida linabaki hai. Anayepewa ofa ana siku 60 za kuamua.

Je, aikubali? Mgonjwa mwenye miaka 78 na Parkinson iliyokomaa, ambaye kesi yake inaweza kuchukua miaka, hayuko katika hali moja na mtu wa miaka 55 aliyepoteza figo na ajira. Maoni yangu ni kwamba umri na hali ya mwili vitangulie hesabu ya dola. Kwa aliye mahakamani, sheria inaelekeza fidia ipunguzwe kwa kiasi cha malipo aliyokwisha kupokea kutoka VA na bima za serikali kwa ugonjwa huohuo. Mwambie wakili akuonyeshe hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kusaini. Kinyume chake hakiko: VA haikati malipo yako ya mwezi kwa sababu umedai.

Dai la marehemu huhitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Barua ya ukoo kwamba «tumekubaliana kaka mkubwa ashughulikie» haitambuliki, hata ikisainiwa na wazee kumi.

Hatua ya saba: nani akusaidie, na kwa malipo gani

Kwa dai la kwanza la VA, hakuna anayeruhusiwa kukutoza. Mawakala walioidhinishwa wa vyama kama American Legion, Disabled American Veterans na VFW hufanya kazi hiyo bure. Wakili hutoza pale tu uamuzi unapokuwa umetoka na unapingwa. Kwa madai ya sheria ya 2022, serikali imeshikilia kwamba ada isizidi asilimia 20 ya malipo yaliyopatikana kabla ya kesi na asilimia 25 baada ya kesi kufunguliwa. Mkataba wowote unaotaja asilimia 40 utafutiwe maelezo.

Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa na mjane wa Marine, aliniletea mkataba nimsomee. «Mwanangu, huyu bwana amenipigia mara nne, anajua mpaka jina la marehemu,» akaniambia. Mkataba ulikuwa wa kurasa 9, ulisainiwa kwenye simu kwa kidole, na haukuwa na jina la wakili wala namba ya leseni yake. Tarehe iliyokuwa juu ilikuwa ya mwaka 2025. Alichokuwa akiuziwa kilikuwa dai lililofungwa mwaka uliotangulia, ilhali malipo ya wafiwa, ambayo ni bure kuyaomba, hakuna aliyekuwa amemtajia.

Kama ulikuwa kambi nyingine

Maji yamechafuka pia katika kambi nyingine nyingi, hasa kwa povu la kuzimia moto wa mafuta lililotumiwa na majeshi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kemikali zake, kundi linaloitwa PFAS, haziozi kirahisi, na Wizara ya Ulinzi imechunguza kambi zaidi ya 700 kwa sababu yake. Hakuna sheria ya mfano wa ile ya Camp Lejeune kwa wagonjwa hao. Anayeugua saratani ya figo au ya korodani baada ya kutumikia kituo kilichochafuliwa anaweza kudai VA kwa maoni ya daktari, kama nilivyoeleza kwenye hatua ya nne, na kwa upande mwingine kuwashtaki watengenezaji wa povu, ambao kesi zao zimeunganishwa mbele ya mahakama ya shirikisho ya South Carolina. Kesi hizo si dhidi ya jeshi, na muda wa kuzifungua hutegemea jimbo na tarehe mtu alipojua, kwa hiyo hapa usisubiri.

Anayeishi nje ya Marekani

Kurudi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat hakufuti haki. Malipo ya VA hufika nje, na askari wa zamani ambaye ugonjwa wake umekwisha kukubaliwa anaweza kutibiwa hospitali ya huko na kurudishiwa gharama kupitia programu ya matibabu ya ng'ambo, akijisajili kwa fomu 10-7959f-1. Aweke risiti zenye jina la ugonjwa, tarehe na kila huduma kwa bei yake. Risiti iliyoandikwa «matibabu» na jumla moja chini hurudishwa.

Tatizo kubwa la hati za kwetu ni majina. Cheti cha ndoa cha Kadhi kinasema Fatuma binti Ali, pasipoti inasema Fatma Ali Said, na faili la jeshi la mume, lililojazwa na karani aliyeandika alivyosikia, linasema Fatima Alley. Kwa ofisi ya Marekani hao ni wanawake watatu. Tengeneza mapema hati ya kiapo mbele ya wakili inayotaja majina yote matatu na kueleza kwamba mwenye majina ni mmoja, iambatishwe na nakala ya kila hati yenye tofauti, na tafsiri ya kila ukurasa ulioandikwa Kiswahili au Kiarabu, pamoja na ile mihuri iliyofifia pembeni.